Banda Lisilo na Nguzo Ndani

Mjane mmoja alikuwa mshonaji wa maturubai: ya kufunikia malori, ya mahema, ya kukinga mizigo sokoni. Watu walimwita Mama Turubai, na mwenyewe aliitika bila kununa. Kazi aliifanyia kwenye godauni la kupanga lenye nguzo ya zege katikati kabisa, na nguzo hiyo ilimnyima raha. Ukilitandaza turubai la lori, nguzo hiyo hapo. Ukilikunja ulipitishe kando, mshono unakwenda upande. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyeshona naye bega kwa bega miaka yote, aliipa jina nguzo ile: Bwana Mkubwa. Imesimama tu, haisogei, na kila mtu lazima aizunguke.

Hatimaye Mama Turubai akaamua kujenga kwake, kwenye kiwanja walichonunua yeye na mumewe. Alitaka banda la chuma, yale ambayo fremu zake hutoka kiwandani zimeshakatwa na kutobolewa, mafundi wanakuja kuzisimamisha na kukaza bolti. Kilichobaki kilikuwa kuchagua aina ya fremu.

Asubuhi ya kwenda kwa muuzaji, akamkuta shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, amesimama mlangoni na koti lake.

"Twende, shemeji. Mambo ya chuma hayataki mwanamke peke yake."

"Si peke yangu. Nakwenda na wifi."

"Wanawake wawili. Ndiyo balaa kabisa."

Wakaenda watatu. Ofisi ya muuzaji ilikuwa chumba chembamba chenye feni inayolalamika, na mezani palikuwa na vielelezo vya fremu, vidogo kama vitu vya kuchezea watoto. Muuzaji akamvutia shemeji kiti cha mbele, akaanza kumweleza yeye. Fremu hii ina nguzo katikati. Haili chuma kingi, kwa hiyo kwa pesa ileile unapata banda refu. Hii nyingine haina nguzo ndani. Ina miguu ya pembeni tu, inayonenepa kadiri inavyopanda, na boriti inaruka kutoka ukuta hadi ukuta. Hiyo ni chuma kizito.

"Yenye nguzo," shemeji akasema kabla muuzaji hajameza mate.

"Kwa nini, shemeji?" Mama Turubai akauliza.

"Nafuu. Halafu," akaburuta kidole kwenye kielelezo, kutoka nguzo hadi nguzo, "siku za mbele hapa tunapitisha ukuta. Huku wewe na cherehani zako, huku sisi wengine tunaweka duka, stoo, chochote. Jasho la mdogo wangu hili, ati. Haliwezi kukaliwa na mtu mmoja."

Mama Turubai akakumbuka. Siku chache baada ya maziko alimwona shemeji huyu akitembea kiwanjani taratibu, mguu mbele ya mguu, kichwa chini. Alimwonea huruma, akadhani ni majonzi. Kumbe alikuwa anapima.

Akamgeukia muuzaji. "Baba, niangalie mimi. Anayenunua ni mimi. Nataka isiyo na nguzo."

Muuzaji akababaika, akasogeza kiti. "Mama, kwa bajeti yako itabidi nikate urefu. Ofisi itaondoka, na chumba cha kupumzikia."

"Viondoke."

"Na kibaraza cha mbele."

"Nacho. Wateja nitawapokea nimesimama."

Shemeji akacheka kwa kejeli. "Anatupa vyumba ili anunue hewa!"

"Hewa hiyohiyo, shemeji. Ndiyo ninayoitaka."

Shemeji akaona hapo hapenyi, akamvamia dada yake. "Na wewe umenyamaza? Wewe si damu yetu?"

"Kaka," wifi akasema, "Bwana Mkubwa amenipinda mgongo mpaka nalala kwa ubavu mmoja. Njoo ushone turubai la lori siku moja tu, halafu utuchagulie fremu."

Shemeji akasimama, akafunga vifungo vya koti. "Haya. Mkisimamisha hilo, msinihesabu. Siku ya shida usinipigie simu."

Lilimchoma Mama Turubai neno hilo, maana mumewe alipougua, mtu huyu ndiye aliyembeba mgongoni hadi hospitali. Akafungua mkoba, akatoa simu.

"Namba yako niifute sasa hivi, shemeji, au nisubiri utoke?"

Shemeji akatoka, mlango ukagonga ukuta.

Maneno yakasambaa kwenye ukoo: kiburi kimempanda, amewadhulumu ndugu wa mume. Wengine wakaacha kumsalimu. Naye kila siku alikuwa kiwanjani, mtandio kichwani, akitazama fremu zikinyanyuliwa moja baada ya nyingine na mabati yakipanda. Usiku alilia kidogo. Asubuhi alikwenda tena.

Siku ya kuhamia, yeye na wifi walitandaza turubai kubwa kuliko yote waliyowahi kushona. Likalala sakafuni lote, karibu ukuta hadi ukuta, bila kukunjwa popote. Wifi akalilalia katikati, akanyoosha mikono na miguu, akacheka kama kichaa.

Hawajamaliza mshono wa kwanza, shemeji akaingia na fundi seremala mwenye futi.

"Nguzo si lazima," akatangaza. "Kwa ukuta, mbao na plaiwudi zinatosha. Fundi, pima hapo katikati."

Mama Turubai hakunyanyuka kwenye cherehani. "Shemeji, unakanyaga kazi ya mteja. Vua viatu au toka."

"Unaniambia mimi?"

"Wewe."

Shemeji akamtazama seremala apate wa kumuunga mkono. Seremala alikuwa ameshavua viatu, amevikumbatia kifuani.

Shemeji akageuka, akatoka akiwa amejibana ukutani asikanyage turubai, hatua ndogondogo, mpaka mlangoni. Hakuna aliyemuaga.

Seremala akabaki, akikunja futi yake polepole.

"Mama," akasema, "mnashona na ya kufunikia mbao? Zangu zinalowa mvua."

"Tunashona, baba. Taja vipimo."