Kupima Mwanga Chumbani kwa Baba

Mwaka ule nilianza kuchoka kabla hata muhula wa kwanza haujaanza. Nilikuwa nafundisha biolojia sekondari, darasa baada ya darasa, na nyumbani nilikuwa na baba yangu. Kiharusi kilikuwa kimempiga akiwa shambani kwake Idete, wakamleta kwangu Ifakara kwa gari la kukodi, upande wote wa kushoto haumsikii. Ndugu zangu walipiga simu wakanipa pole, wakanishukuru, wakasema Mungu atanilipa. Hakuna aliyesema anakuja.

Daktari hakuzungusha maneno. Alisema mkono wa kulia ni mzima na akili ni nzima, lakini mzee akiendelea kulala ameuelekea ukuta, atakwisha. "Mtafutie kazi," aliniambia. "Kazi yoyote. Apate sababu ya kuamka."

Nilijua anachosema. Baba alikuwa ameanza kuacha kula. Uji niliouacha asubuhi niliukuta jioni palepale, umefanya utando. Niliogopa sana. Ningekuwa mwongo nikisema niliogopa kwa upendo peke yake. Niliogopa pia kwamba siku moja ndugu zangu wangeuliza mzee alikufaje, na jibu lingekuwa mimi.

Chumba chake kilikuwa cha nyuma, dirisha linatazamana na ukuta wa jirani. Kumtoa nje kulitaka watu wawili, maana korido ni nyembamba na mlangoni kuna ngazi tatu, na baba ni mtu aliyebeba magunia ya mpunga maisha yake yote, mwili wake haukuwa umesahau. Mkono mmoja haulei mwana, na hapo nyumbani mkono ulikuwa mmoja. Basi nikapata wazo nililoliona la akili sana: kama baba hawezi kwenda shambani, shamba lije chumbani. Ningeweka rafu karibu na kitanda, trei za miche ya nyanya na pilipili hoho, taa juu yake, na yeye angekuwa bwana shamba.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vifaa vya umeme. Mwenye duka ni mtu wa Kilwa, ameishi Ifakara miaka mingi kuliko mimi. Nilipomweleza nataka taa nyeupe ndefu na za kuoteshea nini, aliacha kufunga waya alizokuwa anafunga.

"Mwalimu, taa za kuoteshea nyanya? Hapa Ifakara? Jua la Mungu limekukosea nini?"

"Jua la Mungu haliingii chumbani kwa baba, kaka."

"Haya. Akili ni nywele, kila mtu ana zake." Akanichagulia taa nne, akanionyesha namna ya kuziunganisha, akaniambia nimsalimie mzee.

Taa zilipokwisha kuning'inia juu ya rafu, likabaki swali moja: zinatosha? Jicho la mtu ni shahidi wa uongo katika jambo hili. Chumba kikiwa na mwanga hafifu, jicho hujipanua taratibu na kukuambia mambo ni sawa, wakati mche ulio mbele yako uko gizani. Kipimo cha kweli cha mwanga nilikitafuta mtandaoni, nikaona bei yake, nikafunga. Nikapakua programu ya bure kwenye simu. Simu nyingi zina kijicho kidogo juu ya kioo, kile kinachofanya kioo kififie ukiwa gizani. Programu inakiuliza kijicho kile kinaona nini, halafu inakupa namba. Nikabandua plastiki ya kukinga kioo, nikailaza simu chali usawa wa majani, nikarudi nyuma ili kivuli changu kisiingie, nikasoma. Katikati ya rafu, elfu sita na kidogo. Pembeni, nusu ya hiyo.

Nikashusha taa kwa kamba mpaka zikakaribia miche, nikapima tena. Nikazungushia rafu maboksi niliyoyabandika karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula. Upande wa kitandani nikaweka boksi la kuinua na kushusha, ili baba aweze kumwagilia. Mwanga unaotoka nje ya rafu ni mwanga uliopotea, nilimweleza. Namba ikapanda hadi elfu nane, nikafurahi kama mwanafunzi aliyepatia hesabu ngumu. Baba alitazama yote hayo kutoka kwenye mto wake.

Hiyo ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Nilipima Jumapili ile na Jumapili zilizofuata, kwa kuwa ndiyo siku pekee niliyokuwa nauona mchana wa nyumbani kwangu. Siku nyingine niliwasha taa asubuhi, nikaondoka, nikarudi jua likizama na rundo la madaftari begani.

Siku ya kumi na mbili miche ilikuwa mirefu na myembamba kama uzi wa kushonea, imelaliana. Mche ukikosa mwanga ndivyo unavyofanya, unarefuka kuutafuta mpaka shina linashindwa kujibeba. Hilo nalifundisha kidato cha pili. Lakini namba zangu zilisema mwanga upo, na mimi niliziamini namba.

"Mama," baba akasema. Ameniita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Taa zinalegea."

"Nimezipima mwenyewe, baba."

"Zinalegea mchana."

"Nilipima mchana."

Nilidhani ni macho ya mzee. Nikang'oa ile miche, nikasia upya, na ya pili ikaenda njia ileile. Jioni hiyo nilikuwa nimetoka kwenye kikao cha walimu kisichokuwa na kichwa wala miguu, nina njaa, kichwa kinagonga. Nikaona udongo wa trei umelowa, nikapata wa kumlaumu.

"Baba, maji gani haya? Unamwagilia nyanya au unajaza jaruba la mpunga?"

Mtu huyo alilima tangu kabla sijazaliwa. Kwa kilimo chake nilisoma mpaka chuo. Aliweka kikombe cha kumwagilia chini ya kitanda, polepole, akageukia ukuta. Kwa siku mbili hakugusa kikombe, na uji nao hakuugusa. Nilijua nimekosea, ila nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kuomba msamaha nilikuona ni kazi nyingine ya kufanya.

Siku ya tatu, Jumatano, homa ilinilaza. Ilikuwa mavuno yameingia, malori ya mpunga kutoka Malinyi na Mbingu yanapanga foleni mtaani kwetu, na mashine za kukoboa zinaunguruma kuanzia saa tatu asubuhi hadi jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi. Nilikuwa kitandani kwangu natazama feni. Mashine ya kwanza ikawashwa. Ya pili ikawashwa. Feni ikaanza kuzunguka kama inayofikiria kuacha.

"Mama!" baba akaita. "Njoo na simu yako upime sasa."

Nikajikokota na shuka mabegani. Nikaweka simu palepale pa siku zote, katikati ya rafu. Elfu tatu na mia nne. Nikaifuta kwa shuka, nikarudia. Elfu tatu na mia tatu.

"Leo Jumatano," baba akasema. "Jumapili mashine zinalala."

Hakusema kwa kunisuta. Wiki zote hizo mzee huyu alikuwa analala hapo, anasikia mashine, anaona umeme unavyopungua na taa zinavyofifia, na kila aliponiambia nilimjibu kwa namba za siku ambayo mashine zimefungwa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika. Ilikufa miche trei sita.

"Nisamehe, baba. Na ya maji pia."

"Niletee uji," akasema.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa yake kweli. Nilimpa simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Kwanza tuliziweka simu mbili bega kwa bega mlangoni mwa chumba, tukaona ya zamani inasoma pungufu, robo tatu tu ya nyingine, basi tukajua namba zake ni za kuongezea. Nikamnunulia daftari. Taa tukazihamishia saa ambazo umeme una nguvu: kuanzia alfajiri mpaka mashine zinapoamka, kisha tena zikifungwa jioni. Alipima mara tatu kwa siku na kuandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba la zamani, herufi zimelalia kulia kama mpunga uliopigwa na upepo.

Miche ya tatu ilitoka mifupi, minene, ya kijani kibichi. Baba alikuwa anakula. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akanikaripia nikiingia bila kufunga mlango kwa sababu ya panya. Niliwapigia ndugu zangu na kujisifu. Kila jioni nilifungua daftari lake juu ya rundo la madaftari ya wanafunzi, nikatupia jicho mistari ya juu, nikaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu, nikafunga. Vidole vyangu vilikuwa vinafanya hivyo vyenyewe.

Jumapili moja nilitaka kunakili namba zake ili kidato cha pili wachore grafu. Ndipo kwa mara ya kwanza nikasoma kurasa mpaka chini. Katikati ya rafu, alfajiri, asubuhi, jioni. Pembeni. Kona nne, na iliyo mbaya kuliko zote ilikuwa elfu mbili na mia mbili. Halafu chini kabisa, mstari ambao sikuwa nimemwomba.

Kitanda: 61.

Nikafunua ukurasa uliofuata. Kitanda: 58. Kitanda: 64. Kitanda: 60. Kila siku, tangu siku ya kwanza nilipompa simu. Hata ningeongeza ile pungufu ya simu mbovu, mia isingefika. Kona ambayo hata mche wa majaribio sikuiwekea, kwa kuiona haifai, ilikuwa na mwanga mara thelathini zaidi ya mto wa baba yangu. Mwanga wa taa nne nilikuwa nimeuzungushia maboksi usimfikie. Na kando ya kila namba kulikuwa na vema yangu nyekundu. Ukurasa mmoja mkia wa vema ulikuwa umelikata neno lenyewe.

Nikaenda chumbani na daftari mkononi.

"Baba, hii ya kitanda ni nini?"

"Ni kitanda."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kwa upole, kiasi kwamba ni afadhali angenipiga.

"Nimekuandikia kila siku, mama. Ukaniwekea vema."

Nilitoka kama nilivyo, kanga moja, miguu mitupu, nikavuka barabara. Kutoka mlango wangu hadi dukani hazifiki hatua arobaini. Miezi yote ile nilikuwa nasema kumtoa baba kunataka watu wawili, na sikuwahi kumwomba mtu wa pili.

"Kaka, nisaidie kumtoa mzee nje."

Alimwacha mteja amesimama na soketi mkononi, akaja. Mlangoni mwa chumba akavua viatu na kusema, "Shikamoo, mzee," na baba akaitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Idete. Tulimketisha kwenye kiti cha plastiki, mmoja huku, mwingine kule, tukapita koridoni kwa ubavu, tukashuka ngazi moja, mbili, tatu. Haikuchukua hata dakika tano. Tukamweka uani, penye jua.

Baba alifumba macho. Machozi yakamtoka, ya mwanga au ya nini sijui. Alikuwa amepauka, rangi niliyokuwa sijaiona kwa kuwa siku zote nilimwona kule ndani. Akainua mkono wake mzima, akakinga uso.

"Mwalimu," akasema, na siku hiyo hakuniita mama, "mche uliokulia ndani hautolewi juani hivi kwa siku moja. Unaungua. Unauzoesha. Leo dakika kumi zinatosha."

"Na kesho, mzee?" mwenye duka akauliza.

"Kesho robo saa. Uje."

"Nitakuja, inshallah."

Nikaketi chini kwenye udongo, karibu na mguu wake usiosikia, nikalia kwa uchovu na kwa aibu. Baba aliniacha nilie mpaka dakika kumi zikaisha, kisha akasema tumrudishe ndani.