Siku Kompyuta ya Vivianne Amongin Iliponyamaza

Vivianne Amongin anaishi kwa maneno ya watu wengine. Kituo kidogo cha redio hapa Malaba humtumia mahojiano yaliyorekodiwa kwa Kiteso, naye huvaa vipokea sauti masikioni na kuyageuza kuwa maandishi, neno kwa neno, pamoja na vicheko na vikohozi. Kazi hiyo anaifanya bila kuona. Macho yake yalizimika akiwa darasa la sita, baada ya homa ya uti wa mgongo iliyomlaza hospitalini mpaka shangazi zake wakaanza kunong'ona kando ya kitanda. Alipona. Macho hayakurudi.

Ukimuuliza kuhusu miaka hiyo, hakai sana kwenye ugonjwa. Atakusimulia juu ya Mwalimu Eriaku wa shule ya wasioona, mtu mwenye mikono mikubwa na harufu ya chaki, aliyemshika vidole akamwonyesha vile vinundu viwili vidogo kwenye vitufe vya F na J vya kibodi. "Ukivipata hivi," alimwambia, "umepata kompyuta yote." Vivianne alipomaliza shule, mwalimu huyo alimpa kompyuta kuukuu ya kubeba. Aliiwekea Linux, mfumo wa kompyuta usiolipiwa, kwa sababu ile sauti inayosomea wasioona yaliyo kwenye skrini ilikuja nayo bure, na kwa sababu nyingine ambayo Vivianne hakuisahau.

"Hii ikiharibika," mwalimu alisema, "unaweza kuifungua mwenyewe uone ndani."

Alisema "uone" bila kusita. Vivianne anasema aliondoka pale akijihisi mrefu.

Spika za kompyuta ile zilikufa mapema. Kwa hiyo alinunua kijisanduku cha sauti cha mitumba cha kuchomeka pembeni, na mtu mmoja wa nchi ya mbali, anayefanya kazi hiyo kwa kujitolea, alikuwa ameandika draiva, yaani programu ya kukiendesha. Draiva hiyo ilikuwa moduli mbili, yaani vipande viwili vya programu. Moja ilizungumza na kijisanduku, ya pili ilitoa sauti. Kila kerneli, yaani kiini cha mfumo wote wa kompyuta, inaposasishwa, moduli hizo hujengwa upya ili ziendane nayo. Ya pili haiwezi kujengwa kabla ya ya kwanza, maana inategemea vitu vilivyomo ndani yake. Mambo hayo yote yalikuwa yakijiendesha yenyewe, na Vivianne hakuwa na haja ya kuyafikiria.

Halafu ikaja Jumanne moja, asubuhi. Alisasisha mfumo, akaizima kompyuta, akaiwasha. Akangoja ile sauti imsalimie.

Kimya. Feni ilinguruma. Nje, malori kwenye foleni ya mpakani yalikuwa yakipigiana honi. Alibonyeza vitufe anavyovijua, mara moja, mara mbili. Hakuna kitu. Kerneli ya zamani, ambayo bado ilikuwa na moduli zake na ingemwokoa, alikuwa ameifuta mara tu baada ya kusasisha ili apate nafasi kwenye diski. Na mazungumzo ya bibi mmoja wa Amagoro aliyezalisha akina mama wa kijiji kizima yalikuwa yanasubiriwa redioni jioni hiyo hiyo.

Alichukua simu, akaielekeza kamera kwenye skrini isome. Simu ilisoma vipande vipande na kuruka alama. Alisikia neno la kosa, basi.

"Nilikaa pale," anasema, "nikajua kwamba shida iko mbele yangu, imeandikwa, na mimi siwezi kuisikia."

Alisimama, akapapasa ukuta hadi mlango wa pili. Hapo ndipo kwa Rosebella Okwara, fundi wa nguo aliyetoka Bumala kuja kutafuta wateja wa pande zote mbili za mpaka. Mtaani anaitwa Mama Quinton. Alikuwa akimalizia gomesi, lile vazi refu la heshima la akina mama wa Uganda, ya mteja mmoja wa ng'ambo.

"Mama Quinton, naomba macho yako kidogo."

Rosebella aliacha cherehani. Alipofika mbele ya skrini, alirudi nyuma hatua moja. "Dada, hii Kizungu yote? Mimi niliachia darasa la nane."

"Si lazima uielewe. Nisomee tu, vile unasomaga vipimo kwa karatasi."

Rosebella alivuta stuli, akainama, akaanza kusoma. Neno alilolijua alilitamka; lile asilolijua alilitaja herufi kwa herufi. Vivianne alifumba macho yake yasiyoona, akasikiliza kama anavyosikiliza mabibi wa Kiteso. Ujumbe ulisema moduli ya pili haikujengwa kwa sababu kitu inachokitegemea hakipo.

"Ile ya kwanza haipo?" Vivianne alishangaa. Aliandika amri ya kuonyesha moduli zilizopo. "Soma sasa."

"Iko. Imeandikwa hapa, halafu mbele inasema *installed*."

Basi iko, na mwenzake anasema haiko. Vivianne aliijenga ya kwanza upya; ikajengeka vizuri. Akaijaribu ya pili. Ikakataa kwa maneno yale yale. Akarudia. Ikakataa.

Mlangoni yule mteja wa gomesi aliita, akimwita Rosebella "mama" kwa Kiganda, "Nnyabo, nguo yangu vipi?"

Vivianne aliona haya. "Mama Quinton, rudi kwa kazi. Nimekuchelewesha."

"Ngoja kidogo, nnyabo, nakuja!" Rosebella alijibu mteja, kisha akamgeukia jirani yake. "Tumekaa ukuta mmoja miaka mingapi? Hujawahi kuniomba hata chumvi. Leo umeniomba. Wacha nikae."

Vivianne aligeukia tena kibodi. Alifungua faili ndogo inayoeleza moduli ya pili inamtegemea nani. "Hapa usiruke kitu," alisema. "Kila herufi, kila alama, hata nukta."

Rosebella akasoma polepole, kidole kikigusa skrini. Alipofika katikati ya jina la moduli ya kwanza alisema, "Halafu kistari." Vivianne akamrudisha kwenye orodha ya zilizopo, na pale pia akasema, "Halafu kistari." Kisha akaguna.

"Nini?" Vivianne aliuliza.

"Si kimoja. Kwa ile faili kiko katikati. Hiki hapa kimelala chini, kwa mstari."

Vivianne alipiga paja lake kwa kiganja. Mwenye draiva, katika toleo jipya, alikuwa ameliandika upya jina la moduli ya kwanza na kubadilisha alama moja hiyo. Kwenye moduli ya pili alisahau. Kwa hiyo ya pili iliendelea kumwita mwenzake kwa jina la zamani, na mfumo, ambao haubahatishi majina, ukajibu kwamba mtu huyo hayupo.

Alifuta kistari, akaweka kile cha chini. "Sasa?"

"Yanafanana."

Akaiamuru ijenge. Rosebella alisoma mistari ikitokea mmoja baada ya mwingine, sauti yake ikipanda, mpaka akafika kwenye neno *done*. Vivianne akaiingiza moduli kwenye kerneli, akaiwasha upya sauti ya kusomea.

Kijisanduku kikabubujika maneno kwa kasi ile ambayo wasioona wameizoea. Rosebella aliruka kutoka kwenye stuli.

"Yesu! Huyo anaongea lugha gani?"

Vivianne alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, hata yeye hajui. Alinyoosha mkono hewani, Rosebella akaushika. Mteja aliyechoka kungoja akachungulia, akawakuta wawili hao wameshikana mikono mbele ya kompyuta inayopayuka, akaamua kungoja tena.

Mazungumzo ya bibi wa Amagoro yalifika redioni kabla ya jua kutua. Kesho yake Vivianne alimpigia simu Mwalimu Eriaku, ambaye siku hizi amestaafu, akamweleza yote. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akasema tu, "Si nilikuambia utaona."

Vivianne pia alimwandikia yule mwenye draiva, akamtumia sahihisho. Jibu lilikuja la furaha tupu: mtu huyo alikuwa amedhani ni yeye peke yake duniani bado anatumia kijisanduku kile. Alilipokea sahihisho, akauliza ni nani aliyegundua kosa, kwa kuwa desturi yao ni kumtaja. Vivianne akamwambia aandike Rosebella Okwara, na ndivyo jina hilo lilivyo hadi leo kwenye kumbukumbu za draiva hiyo.

Jumapili, kanisani, wakati wa ushuhuda ulipofika, Rosebella alisimama. Alimshukuru Mungu kwa afya, kwa watoto, na kwa kompyuta ya jirani yake iliyokuwa bubu ikasema. Waumini walitazamana kidogo, kisha wakasema amina. Vivianne, kwenye benchi la pili, aliisema kwa sauti kuliko wote.