Jina la Mama Mkwe

Daktari wa mtandaoni aliniambia nina shida ya tumbo. Mimi, mzima kabisa, nimekaa barazani kwangu hapa Kasongo natafuna karanga.

Aliyekuwa anaumwa alikuwa ndani. Mama mkwe wangu.

Ngoja nianze vizuri.

Mke wangu Malaika alikuwa ameenda msibani Kabambare. Mama yake akaja kutuangalizia watoto. Ana miaka arobaini na moja tu, alimzaa Malaika akiwa binti mdogo.

Jumanne asubuhi hakutoka chumbani. Watoto wakaniambia bibi anashika tumbo.

Sasa, kwetu mkwe haguswi. Simwangalii usoni, siingii anapolala, na jina lake silitamki. Likikuponyoka, unalipa kuku. Tukiongea, mlango uko katikati.

Nikafungua ile huduma ya daktari kwenye simu. Fomu ikauliza: jina la mgonjwa.

Kidole kikagoma.

Nikaandika Iliasi. Mwanaume. Miaka thelathini. Nikajiambia tumbo ni tumbo tu. Ujinga wangu huo.

Daktari akawa anauliza kwa maandishi. Mimi nauliza mlangoni, mama anajibu, naandika. Linauma wapi? Chini, upande mmoja. Homa? Hapana. Kuhara? Hapana. Akaniandikia dawa ya maumivu, akasema likizidi niende hospitali haraka.

Mama akameza dawa. Mimi nikakaa. Nikasimama. Nikaenda hadi barabarani, nikarudi. Nikausoma ule ujumbe mara kumi. Kuna kitu kilinikera na sikujua ni nini.

Saa sita mchana sauti ikatoka nyuma ya mlango, ndogo sana.

"Mukwe, sasa bega nayo inauma. Na macho inaona giza."

Hapo nikaogopa kweli. Nikamwandikia daktari: nisamehe, mgonjwa si mimi, ni mama mkwe wangu.

Simu ikalia papo hapo. Daktari akataka kujua umri wake, na hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini.

Jamani. Hilo namuulizaje mama mkwe?

Nikakimbia kwa jirani yangu Anastasie, nikamtia simu mkononi. Akaingia, akafunga mlango. Nilizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Akatoka mbio.

"Mama iko na mimba. Docta anasema imekaa pahali mubaya, damu inamwangika ndani. Tafuta moto, pikipiki ya kumupeleka hospitali, sasa hivi."

Mimba! Hata Malaika hakujua. Mama aliona haya kubeba mimba wakati binti yake naye anazaa.

Pikipiki ikaja, Anastasie akamshikilia kwa nyuma, mimi nikafuata kwa baiskeli. Mlangoni mwa hospitali muuguzi akashika kalamu, akauliza jina la mgonjwa. Anastasie alimjua kama Mama Malaika tu. Akanigeukia.

"Feza," nikasema. "Feza binti Faradji."

Kwa sauti, mbele ya watu wote, naye mama anasikia.

Alipasuliwa alasiri hiyo hiyo. Mimba ilipotea, yeye akapona. Waliompasua walisema tungechelewa kidogo tu, tungemzika.

Aliporudi nyumbani nikapeleka kuku wangu wa faini, nikamweka mlangoni. Halafu akasema kutoka ndani:

"Kuku nitakula. Lakini siku ingine, andika jina yangu."

Ndugu zangu, wakwe tuwaheshimu. Ila jina unaloona haya kumwandikia daktari, utakuja kulitaja kwenye matanga.