Kibali Kilichofika Jumanne

Mwaka ule nilikuwa na uchovu ambao hata usingizi haukuutoa. Nilifanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha pale Busia, upande wa Uganda, na kazi yangu ilikuwa karatasi: kuhakikisha kila mzigo tunaouvusha kutoka Kenya una vyeti vyake kabla haujafika mbele ya maofisa. Karatasi zenyewe hazikuwa karatasi tena. Zilikuja kwa barua pepe, nazo barua pepe zilikuja kama siafu.

Nikifungua kompyuta saa mbili asubuhi nilikuta mia na kitu zimeingia tangu jana yake. Taarifa ya foleni ya malori, kila baada ya saa moja. Fomu mpya, na tangazo la kusema tuipuuze ile fomu mpya. Mtu wa tawi letu la Malaba akifiwa na shangazi, mmoja aliandika pole akaituma kwa wote, kisha watu arobaini nao wakajibu pole, kwa wote, na mimi nipo katikati yao natafuta cheti cha saruji. Ambazo sikuwa nimezisoma zilipita elfu sita. Niliacha kuitazama ile namba, kama mtu anavyoacha kuutazama ufa kwenye ukuta wa nyumba ya kupanga.

Dawa ya meneja ilikuwa moja tu. "Jibu haraka, madam," aliniambia kila nilipolalamika. Mimi nikajitafutia yangu. Nilitengeneza folda nikaiita Baadaye. Barua ambayo sikuielewa mara moja, au ambayo sikuwa na nguvu ya kuielewa, niliisukuma humo. Jioni kisanduku kilionekana kimepungua kidogo, nami nikarudi nyumbani Tororo nikijiambia nimefanya kazi.

Alhamisi moja ya kiangazi, yapata saa tatu, pikapu ilisimama nje ya ofisi yetu na nikasikia mlio kabla sijamwona dereva. Ni vifaranga wa siku moja, maboksi matano yenye matundu ubavuni, wanatoka kwa mtotoleshaji upande wa Kenya. Wenye mzigo walikuwa kikundi cha akina mama wa Buhehe, upande wetu. Mwenyekiti wao alikuwa amekuja mwenyewe kwa boda boda kuwapokea, mama wa umri wa mama yangu, kitenge amekifunga kiunoni kama mtu anayekwenda shamba.

"Mwanangu, tumefika," aliniambia huku anacheka. "Nyumba ya kuku iko tayari. Jiko la kuwapa joto nimewasha tangu alfajiri, mwenzangu anaangalia."

Tukaenda pamoja kwa afisa wa mifugo wa mpakani. Cheti cha afya kutoka Kenya kilikuwepo. Akauliza kibali cha kuingiza. Nikamwambia bado hakijanifikia.

"Basi wasubiri," akasema, bila ukali. "Bila kibali hawatoki getini. Wewe mwenyewe unajua."

Nilijua. Nilirudi mezani nikatafuta. Niliandika "kuku" kwenye kompyuta, nikaandika "vifaranga", nikaandika "kibali", nikaandika jina la kikundi. Zikaja barua zangu mwenyewe za kuombea kibali, jibu lake halikuja. Nikampigia mtu wa wizarani aliyekuwa akishughulikia ombi letu.

"Nilikutumia Jumanne," akasema.

"Sijaiona, ndugu yangu. Naomba utume tena."

"Mimi niko nje ya ofisi, kiko kwenye kompyuta ya huko. Nitarudi saa nane. Lakini nilituma, tazama vizuri."

Nikatoka nje. Mama wa Buhehe alikuwa amesimama karibu na pikapu. Nikamwambia, "Mama, mtandao una shida. Tuvumilie kidogo." Ndivyo tulivyozoea kusema. Kule mpakani mtandao umebebeshwa makosa mengi ambayo si yake.

Saa tano jua lilikuwa limeshika bati. Dereva, kijana Mkenya mwenye maneno machache, alihamisha pikapu mara mbili kufuata kivuli cha ukuta wetu, mpaka kivuli chenyewe kikawa chembamba kama ubao. Akaingia ofisini.

"Madam, hii jua si mchezo. Wameanza kunyamaza."

Sikumwelewa. Nilidhani kunyamaza ni nafuu.

"Wakilia wako sawa," akasema. "Wakinyamaza ndiyo noma."

Nilipotoka nilimkuta mama amekaa chini kabisa, ameweka maboksi mbele yake, amefunua vifuniko. Alikuwa ameomba maji kwa muuza chai wa jirani, ameyatia glukosi, na alikuwa akiwanywesha kifaranga mmoja mmoja kwa kifuniko cha chupa. Anamshika, anamtumbukiza mdomo kwenye maji, anangoja ameze, anamweka. Waliokwisha kufa alikuwa amewapanga pembeni juu ya gazeti. Hakuniangalia.

"Huyo mutandao," akauliza, "anarudi saa ngapi?"

Nikasema sijui. Nikarudi ndani, na safari hii sikutafuta kwa neno lolote. Nilianza Jumanne asubuhi nikashuka barua moja baada ya nyingine, zilizosomwa na zisizosomwa. Wakati huo zilikuwa zinaingia mpya, kila moja na mlio wake mdogo, mpaka nikazima sauti. Kwenye kisanduku haikuwepo. Kwenye barua taka haikuwepo. Saa saba na nusu nikaingia Baadaye.

Ilikuwa ya nne kutoka juu. Kichwa chake kilisema: "Viti vya mkutano." Yule mtu wa wizarani, badala ya kuanza barua mpya, alikuwa amejibu barua ya zamani ya kuazimana viti vya mkutano fulani, akaandika mstari mmoja tu, "Naambatisha kama tulivyozungumza," na chini yake kibali, picha yenye jina la tarakimu tupu. Ndiyo maana kompyuta haikukiona. Lakini mimi barua niliiona. Jumanne saa nne na dakika kumi niliifungua ile barua kwa mkono wangu, nikasoma neno viti, nikachoka, nikaisukuma.

Nilichapisha kibali, nikakipeleka mbio, afisa akagonga muhuri. Haikuchukua hata dakika kumi. Niliporudi meneja alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshaona kwenye kioo cha kompyuta yangu.

"Ni mtandao," akaniambia kwa sauti ya chini. "Umesikia? Mwambie ni mtandao."

Nilikwenda kwa mama nikiwa na nia ya kusema hivyo hivyo. Nilipoinama kumsaidia kufunga boksi, niliona mikono yake ilivyokunjamana kwa maji, nikashindwa.

"Mama, haikuwa mtandao. Kibali kilikuja Jumanne. Kilikuwa kwangu. Sikukisoma."

Akamaliza kufunga boksi.

"Jumanne," akasema. "Hii Jumanne imepita?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe kilikuwa hapa."

"Kilikuwa hapa."

Nilingoja anitukane. Ingekuwa nafuu. Alisimama, akajishika kiuno mpaka mgongo ukanyooka, akasema, "Haya, beba hiyo boksi. Tunakwenda wote."

Nikabeba. Sikumuomba meneja ruhusa. Tukakaa watatu mbele kwenye pikapu, boksi moja mapajani mwangu, tukashika njia ya Buhehe. Nilihisi joto lao kupitia nguo, na vijikucha vikikwaruza karatasi. Karibu na shule ya msingi boksi langu lilianza tena kulia. Mama akageuza kichwa akalitazama, basi.

Akina mama walikuwa wanatusubiri kwenye nyumba ya kuku, ya udongo, safi, imetandazwa pumba. Mwenyekiti wao aliwaeleza kwa lugha yao, Kisamia. Nilisikia neno Jumanne, nikawaongezea kwamba kwa siku naandikiwa barua mia na kitu. Mmoja akaguna, mwingine akaniambia kwa Kiswahili, "Sasa wewe unaandikiwa na watu wote hao, si ungetuambia tu tukupigie simu?" Nikafungua boksi langu. Tukawatoa mmoja mmoja tukawaweka karibu na jiko. Karibu robo walikuwa wamekufa, na siku mbili zilizofuata walikufa wengine. Waliobaki walikua. Mwenyekiti alinipigia miezi baadaye kuniambia wameanza kutaga. Alisema hivyo tu, akakata.

Meneja aliniandikia onyo, kwa barua pepe, nakala kwa wakubwa wote. Kosa nililoandikiwa ni kuondoka kituoni bila ruhusa, vifaranga hawakutajwa.

Jumatatu niliwaandikia wote tuliofanya nao kazi: mzigo ukiwa na uhai, msiniandikie tu, nipigieni. Kisha nikaanza kuisoma Baadaye, barua kumi kila asubuhi kabla ya kugusa za siku hiyo. Ilinichukua majuma mengi. Nyingi zilikuwa zimejifia zenyewe: mikutano iliyokwisha, malori yaliyovuka, watu waliohama.

Ndani yake nikakuta barua ya mwenzangu tuliyekaa naye meza moja miaka saba, yule aliyenifundisha kazi. Alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia. Aliandika kwamba ofisi haikumfanyia sherehe ya kumuaga, hivyo anapika chakula nyumbani kwake Petta, na angependa nifike, hata nikichelewa. Ilikuwa na miezi kumi na moja.

Jumapili baada ya misa nilikwenda. Nilimkuta anaanika karanga uani. Alinyanyuka, akafuta mikono, akanitazama kwa muda.

"Nilifikiri ulinikasirikia," akasema.

"Sikuisoma, dada. Nimeisoma juzi."

Alicheka, kicheko kile kile cha ofisini, kisha kikakatika katikati. "Nilikuwekea chakula mpaka jioni," akasema. Akaniletea kiti. Nikakaa, tukaendelea kuanika karanga mpaka zikaisha.