Riwaya Tuliyoisubiri na Wifi

Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, alifundisha shule ya msingi Misungwi mpaka alipostaafu. Kila shule zilipofungwa mwezi wa sita alikuja kukaa kwangu mjini, Mirongo, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na miwani yake ya kusomea. Kutafuta vitabu ilikuwa kazi yangu. Muuza vitabu mmoja wa mjini huweka kwenye status yake picha za vitabu vipya kabla havijafika kutoka Dar. Nilimtumia wifi picha hizo, tukachagua mapema. Hata alipostaafu aliendelea kuja mwezi uleule. Kiangazi kilikuwa msimu wetu wa kusoma.

Tulisoma kwa sauti, kwa zamu. Mmoja anasoma, mwingine anachambua dagaa. Mume wangu alikuwa akipita sebuleni anatucheka, eti tunawalilia watu ambao hawapo. Alipofariki, ghafla, kwa presha, mwaka ule hatukusoma kitu. Mwaka uliofuata wifi alikuja bila kuitwa.

"Tafuta kitabu, wifi," aliniambia. "Tukikaa hivi hivi tutaumwa."

Ndipo nikapata riwaya ile. Ilikuwa habari ya mwanaume aliyekwenda machimboni, akawaacha mkewe na dada yake nyumba moja wakimsubiri. Iliishia wanawake wale wakiwa bado wanasubiri, na ukurasa wa mwisho ukaahidi sehemu ya pili. Wifi alikasirika kweli.

"Mtu anaandika kitabu kizima halafu anatuacha mlangoni!"

Sehemu ya pili ilichelewa sana. Kila mara alinitumia ujumbe wa sauti: "Muulize yule mtu wa vitabu. Mimi nasema atarudi. Wewe je?" Mimi nilisema harudi, tukabishana kama wasichana. Baadaye nikaona ujumbe wake unajirudia, maneno yaleyale, asubuhi moja mara kadhaa. Kisha mwanawe akanipigia kwamba mama alitoka sokoni akapotea, akakutwa amekaa nje ya shule aliyokuwa akifundisha. Hospitali wakasema ni ugonjwa wa kusahau, na hautarudi nyuma.

Mwezi wa sita mwaka jana kitabu kikafika, na mwanawe akamleta wifi kwangu kama kawaida. Nilimwambia kabla hajavua viatu.

"Wifi, kimefika!"

Alikipokea kwa mikono miwili, akatabasamu. "Nini kimefika?"

Nilijipa moyo kwamba nikianza kusoma atakumbuka. Na kweli, mwanzoni alitulia, mikono yake ikichambua dagaa vizuri tu. Tukafika mahali ambapo mke yule anasimama barabarani kila jioni kuangalia magari yanayotoka machimboni. Wifi akaacha kuchambua.

"Na mdogo wangu je? Mbona yeye hajarudi?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Akamtaja mume wangu kwa jina.

"Wifi, alishafariki," nilisema. "Tulimzika Misungwi. Ulikuwepo."

Alinitazama kama ndiyo kwanza habari inamfikia. Akavuta kanga kichwani akalia kilio kile kile cha siku ya msiba, nami nikalia naye, maana kwangu pia ilikuwa kama siku ile imerudi. Kesho yake alikuwa hana habari. Nikafungua kitabu, akasikiliza kidogo, akauliza tena.

Nikamwambia, "Atarudi, wifi."

"Basi mwekee chakula."

Nikaweka. Sahani ya ugali na samaki, nikaifunika, ikakaa mezani. Nilifanya hivyo kila siku aliyokaa kwangu, na kitabu nikakificha kabatini nisije nikamkumbusha. Ila aliuliza tu, hata bila kitabu. Mwanawe alipokuja kumchukua alikuta sahani mezani, akauliza kuna mgeni gani. Nikaichukua sahani nikaipeleka jikoni.

Kitabu nilikimaliza peke yangu. Mwanaume yule alirudi, katika kurasa chache za mwisho, na mwandishi aliharakisha mno. Nilitaka mtu wa kugombana naye kuhusu kurasa zile. Nilishika simu, nikaiweka chini.

Mwaka huu wifi hakuja, hawezi tena safari. Nilikwenda mimi Misungwi. Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, amekonda, amesukwa nywele vizuri. Tangu nilipoolewa mimi ndiye niliyemwamkia, maana amenizidi umri kwa mbali. Kabla sijafungua mdomo aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Nilisimama pale na mkoba wangu. Mkwe wake, mke wa mwanawe, aliyekuwa anaanua nguo, aligeuka akatazama kwingine.

"Marahaba," nikasema.

"Umemfuata nani?"

"Nimekuja kukusalimia wewe."

"Asante sana. Karibu ukae."

Nikakaa. Mkwe wake akatuletea karanga kwenye ungo, tukazimenya pamoja. Wifi akaniuliza kama nina watoto, kama nyumbani ni mbali, kama mvua zilinyesha vizuri kwetu. Nikamjibu yote. Alikuwa mwenyeji mwema. Jua lilipopungua nikaaga, naye akamwambia mkwe wake amfungie mgeni karanga kidogo.