Kulitafuta Kovu la Ndani

Nilipoanza kazi ya ukunga Manyoni, kliniki ilikuwa na vyumba viwili na mizani moja. Wajawazito waliowahi kuzaa kwa kupasuliwa walifika bila karatasi, nasi tulitazama kovu la ngozi, tukadhani tumelijua na la mfuko wa uzazi. Hilo lilikuwa kosa letu.

Siku yangu ya kwanza Muuguzi Msimamizi aliniuliza mbele ya mjamzito mwenye kovu, "Binti, tumbo hili limekuambia nini?"

"Kovu limelala kwa upana, mama. Nadhani na ndani limelala."

"Dhana kaziache kwenu. Hapa tunatafuta faili."

Miaka mingi baadaye alikuja Neema, mke wa mfugaji wa Itigi. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, akafariki. Mshono ulitunga usaha, na kwa miaka sita hakushika mimba. Picha ya mirija, ambayo hupigwa baada ya kuingiza dawa katika mfuko wa uzazi, ilionyesha mrija mmoja umeziba. Daktari wa magonjwa ya wanawake alimpa vidonge vya kupevusha mayai. Mwezi wa tano wa vidonge, mimba ikatunga.

"Safari hii atazaa mwenyewe," alisema mama mkwe wake. "Kisu tumeshakionja."

"Shikamoo, mama. Karatasi za upasuaji ziko wapi?"

"Marahaba. Nilizichoma. Karatasi ya kisu ikikaa ndani huita kisu kingine."

Neema akadakia, "Sista, hata mkinifunga kamba nitatulia, mradi nipate mtoto aliye hai."

Nilipanda basi hadi hospitali alikopasuliwa. Mtunza kumbukumbu alinicheka: "Faili la miaka sita? Panya wameshalisoma!" Kweli, faili halikuwapo. Tukaifungua rejesta ya chumba cha upasuaji, ukurasa kwa ukurasa, hadi alasiri nilipoliona jina lake. Ngozi ilichanwa kwa kulala. Mfuko wa uzazi, kwa kusimama. Kovu la namna hiyo huweza kuachia, yaani kupasuka, uchungu unapoanza, na mama na mtoto wakapotea wote wawili.

Nilimsomea mama mkwe nakala niliyoiandika kutoka rejesta. Akasema, "Kumbe ndani ni kwingine. Mpelekeni hospitali."

Nimestaafu sasa. Wakunga vijana huniuliza ujuzi wetu ulikuwa nini. Huwajibu kwamba sehemu kubwa ilikuwa kukataa kukisia.

Neema, wakati ule, alikaa katika nyumba ya kusubiria uzazi karibu na hospitali, akapasuliwa wiki ya thelathini na saba ya mimba, kabla ya uchungu. Alizaliwa mtoto wa kike, akalia papo hapo. Neema alitoka wodini siku ya sita, mshono ukiwa mkavu.