Refa Hula na Walioshindwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa soksi, nikazivua, nikazivaa tena kwa sababu mistari yake haikulingana. Ilikuwa Louisville, Marekani, kwenye kiwanja cha nyuma ya magorofa ya mtaa wa Newburg, nami nilikuwa refa mpya wa ligi ya daraja la pili ya raga ya watu kumi na watatu. Wachezaji walipata posho kidogo tu, kwa hiyo siku za wiki walipakia mizigo maghalani au waliogesha wagonjwa, na Jumamosi wakakabana.

Ninyi mnaoanza kupuliza filimbi mnafikiri nilisomea. Sikusomea. Nilitazama mechi za daraja la pili la Ufaransa kwenye simu, wakati wa mapumziko ghalani, kisha nikafanya ishara za mikono mbele ya kioo cha bafuni mpaka mjomba niliyeishi kwake akagonga mlango akidhani ninaumwa. Katika raga hii timu ikikabwa mara sita inaukabidhi mpira kwa wapinzani, na pasi lazima irushwe nyuma. Nilizijua kanuni zote, nikataka zote zifuatwe kwa pamoja.

"Refa!" akafoka mchezaji mmoja. "Unapuliza hiyo filimbi kama unapooza chai!"

Mkuu wa Waamuzi, Mfaransa mzee aliyewahi kucheza daraja la pili kwao, aliniita pembeni. "Kijana, hawa hawakuja kukusikiliza wewe. Haya, twende mezani."

Hapo ndipo nilipoijua sehemu ya kazi iliyonitisha. Baada ya mechi wenyeji hupika, timu zote mbili hula, na refa hukaa kwenye meza ya walioshindwa.

"Kwa nini walioshindwa?" nikauliza.

"Kwetu mwokaji mikate alikuvunja pua Jumapili, na Jumatatu ulinunua mkate kwake. Tusingekula pamoja tungekufa njaa. Na mwenye kinyongo zaidi na refa ni nani?"

"Wakinitukana?"

"Mdomo utakuwa umejaa. Hutaweza kujibu."

Nakiri kwamba msimu mzima nilijifungia garini nikijifanya ninaandika ripoti. Mimi ni mtu wa kurudia kosa langu kichwani mpaka asubuhi, na kukaa kati ya watu niliowaudhi nilikuona kama adhabu. Aliyenitoa garini ni nahodha wa timu ya Columbus, Mtanzania, mhasibu, siku walipofungwa nyumbani kwao nilikopangiwa msimu wa pili. Aligonga kioo. "Toka, mwanangu. Tutakusema kidogo, kisha tutakupa pilau." Walinisema sana. Pilau ilikuwa tamu.

Kisha nikahamia Buffalo, kwa mama yangu, mtaa wa East Side. Mama ndiye mpishi wa timu ya Buffalo, na kaka yangu Bahati, ambaye namwita yaya kama tulivyozoea kwetu Uvira, Kongo, ndiye winga wao. Kwa hiyo sikuwahi kuwachezesha, mpaka mechi ya kupanda daraja, Buffalo dhidi ya Columbus, refa aliyepangwa alipoumia mgongo. Mkuu wa Waamuzi akanipigia simu.

"Yaya wangu anacheza," nikamwambia.

"Columbus wameulizwa. Wanasema unaogopa kukosea kuliko unavyompenda kaka yako."

Dakika ya mwisho Buffalo walikuwa nyuma kwa pointi mbili, wamekabwa mara ya tano. Mpira ukamfikia Bahati pembeni, akakimbia, akaugusisha chini nyuma ya mstari. Hiyo ndiyo trai, pointi nne. Mama akapiga vigelegele. Lakini pasi ilikuwa imekwenda mbele, nami niliiona ikitoka mikononi. Nikapuliza. Trai ikafutwa, na Columbus wakapanda.

Bahati akanijia anahema, vigelegele vya Mama bado havijaisha. "Weye! Unasikia Mama? Bon, enda umuambie anyamaze, weye mwenyewe."

Ukumbini nilisimama mlangoni kwa muda. Safari hii meza ya walioshindwa ilikuwa ya watu wa nyumbani kwetu. Niliogopa kwamba nikikaa hapo nitakaa kama refa tu, na jioni sitakuwa na nyumba ya kurudi. Nikakaa karibu na Bahati. Mama akaja na sufuria, akaniwekea bugali, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala, wale dagaa wa ziwani kwetu, juu yake.

"Mama, una hasira?"

"Hasira iko," akasema. "Bugali pia iko. Kula."

Bahati ndiye aliyeanza kucheka, akaiba ndagala zangu, na baada ya hapo meza nzima ikanishambulia kwa masihara mpaka nikatokwa na machozi ya raha.

Sasa nimestaafu, nina miaka ishirini na tisa, mnicheke tu. Kifundo cha mguu kimekataa kukimbia. Nimehamia Cheektowaga, kitongoji jirani na Buffalo, na bado nadhani nilipuliza filimbi mara nyingi mno. Ila nawaambia, kuleni. Raha yote ya kazi hii niliikuta mezani.

Jumamosi iliyopita Buffalo walishinda kwao. Ukumbini wageni wakakaa upande wao, wameinamisha vichwa. Nikachukua sahani yangu nikasimama.

"Si uliachaka kazi?" Bahati akaniita. "Unaenda wapi na sahani?"

"Kazini," nikamjibu, nikavuta kiti kati yao.